Daktari Aliyekataa Mafuta Yatupwe

Miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sikumwona Daktari akifungua ndoo kabla ya kuuliza swali lake. Ndoo ililetwa kutoka thieta, chumba cha upasuaji, ndani yake kipande cha mtu kimelala kwenye dawa ya formalini, nasi mafundi wa maabara tukaiweka mezani na kusimama kando. Yeye alivaa glovu polepole, akaiangalia ndoo, kisha akauliza, "Mwenyewe ni nani?"

Hakutaka jina. Jina lilikuwa limebandikwa ubavuni mwa ndoo, na kusoma alijua kutuzidi sote. Alitaka kuambiwa habari za mtu. Ni mwalimu wa Keroka. Ni mama anayeuza ndizi Nyamira, karibu na ofisi za kaunti, ana mtoto anayenyonya. Tukisema hatujui, alimtuma mmoja wetu apande mlima mpaka wodini akaulize, maana hospitali za Kisii zimejengwa pale ambapo ardhi ilikubali, na ardhi yetu haikubali mahali pengi. Tulipanda tukinung'unika. Nilidhani ni ukaidi tu wa mzee. Sasa najua alikuwa anajifunga mwenyewe kamba, ili asije akafanya kazi ya kulipua.

Alikuwa daktari wa patholojia, yaani yule daktari ambaye mgonjwa hamwoni kamwe. Mpasuaji anasifiwa, sista wa uuguzi anaombewa kanisani, hata mpishi wa uji wa wodini anajulikana kwa uso. Huyu alikaa chini bondeni na hadubini yake, na neno lake ndilo lililoamua mtu aende nyumbani au aanze dawa. Kwao ni huko ziwani, lakini alikuwa amejenga Kiogoro na kukaa nasi miaka mingi. Ekegusii, lugha yetu, alikisikia chote na kukizungumza vibaya kwa makusudi, akitupa neno moja moja ili tucheke. Kazini tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo si yake wala yetu, na labda ndiyo sababu hatukuwahi kutukanana sawasawa.

Vidole vyake vilikuwa vinene kama vya mtu wa jembe. Mgeni aliyemwona hakuweza kuamini kwamba vinaweza kufanya kazi ya uangalifu. Lakini mwone akila samaki. Alikula ngege mzima huku anaongea, hatazami sahani, na mwishoni mwiba wote ulibaki umenyooka kama wa picha ya kitabuni. Sisi watu wa milimani tulikula samaki kwa hofu, tukimeza ugali mkavu kila mara kusukuma mwiba. Alitucheka hadharani. "Nyinyi mnakula kwa macho," alisema. "Mwiba hauonekani. Mwiba unasikika."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mtu akiwa na saratani ya utumbo mpana, mpasuaji hukata kile kipande kibovu pamoja na mafuta yaliyoshikamana nacho. Ndani ya mafuta hayo mna tezi za limfu, vitu vidogo, vingine kama punje ya wimbi, vingine kama harage. Saratani ikianza safari ya kutoka utumbo kwenda mwilini, mara nyingi hupitia humo. Tezi zikiwa safi, ugonjwa huhesabiwa uko hatua ya kwanza au ya pili, na wagonjwa wengi wa hatua hizo upasuaji huwatosha. Hata tezi moja ikikutwa na saratani, ni hatua ya tatu, na mtu anahitaji dawa za kemo ili kuua mbegu zilizobaki mahali ambapo kisu hakifiki. Kwa hiyo swali zima ni moja: zimeingiliwa au hazijaingiliwa? Lakini utajuaje kama hukuzitafuta? Tezi imezama kwenye mafuta, rangi moja na mafuta. Daktari aliyaminya mafuta hayo baina ya kidole gumba na cha shahada, inchi kwa inchi, macho yake yakiangalia dirishani mvua inavyoipiga migomba. Ghafla alisimama. "Nasikia," alisema, akakata, na tezi ikatoka.

Kanuni ya kazi hiyo duniani kote inataka zichunguzwe angalau tezi kumi na mbili. Daktari hakuipenda sana ile namba. Alisema namba ni kwa ajili ya wavivu, wajue mahali ambapo hawaruhusiwi kuchoka bado. Mimi nikamwambia siku moja kwamba mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Akanitazama juu ya miwani. "Huyo alikuwa anatafuta mbuzi mmoja, Fundi. Mimi nikipata ndio naanza kutafuta."

Kosa lake kubwa ni kwamba hakujua kusema jambo kwa upole kwenye simu. Mpasuaji aliyeleta kipande kifupi, kimekatwa bila mafuta ya kutosha, alipigiwa papo hapo, hata kama alikuwa anakula. "Umeniletea bomba," Daktari alisema. "Mimi si fundi bomba." Wapasuaji wawili watatu walimchukia kabisa. Mmoja, kijana hodari aliyetoka masomoni, alishuka mwenyewe maabara kumjibu. Akamwambia wako watu ambao Mungu amewapa tezi chache, wengine wazee, wengine waliochomwa mionzi kabla ya upasuaji, na mtu akitafuta kwa haki akapata nane, basi nane ndizo zilizopo, na kumtukana mpasuaji hakuzalishi ya tisa. Daktari akafikiri, akasema, "Hapo umesema kweli." Tangu siku hiyo alipokosa kumi na mbili alirudia mafuta yote upya kutoka mwanzo, na akikosa tena aliandika wazi kwamba ametafuta mara mbili na hizi ndizo. Yule kijana akawa rafiki yake, ingawa walizidi kugombana.

Watu walimwona ana maajabu mengine. Alikuwa Msabato wa kweli kweli. Hakula nyama. "Nyama naiona ofisini," alisema, na hapo ukiwa umealikwa chakula ulitamani asingesema. Alizaliwa kando ya ziwa lakini samaki aitwaye mumi hakumgusa, kwa sababu hana magamba. Ijumaa jua likianza kuinama alifunika hadubini kwa kitambaa chake cheupe, akanawa hadi viwikoni, na baada ya hapo hata mkurugenzi wa hospitali angekuja na ndoo ya baba yake mzazi angeambiwa Jumapili. Mimi ni Mkatoliki. Nilimtania kwamba saratani haishiki Sabato. Alinijibu, "Ndiyo maana ni saratani."

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mtu huyu aliyetutuma milimani kuulizia habari za wagonjwa aliwaogopa wagonjwa wenyewe. Akiona mgonjwa na jamaa zake wamesimama mlangoni na khanga zao na thamosi ya chai, alipitia mlango wa nyuma, akazunguka kwenye matope. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mtu mzima, yule mwenye kipande cha ndooni, akikutazama usoni anataka umwambie neno zuri, na yeye kazi yake ni kusema neno la kweli, na hayo mawili hayaji siku moja kila mara. Nilidhani ni kisingizio cha mtu mwoga. Nusu yake kilikuwa kisingizio.

Sasa nitasema habari ya ile Ijumaa.

Kaka yangu mkubwa ni mkulima wa chai Gesima. Alikuwa akihara damu kwa miezi akisema ni bawasiri, akinywa miti shamba, mpaka akakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Tukamleta mjini kwa nguvu. Akapimwa, ikaonekana ni uvimbe kwenye utumbo mpana, na Ijumaa hiyo asubuhi akapasuliwa na yule yule kijana hodari. Shemeji yangu alikaa nje ya thieta na Biblia mapajani bila kuifungua. Mimi niliomba ruhusa kazini nikae naye, lakini saa sita nikarudi maabara, kwa sababu kukaa kulinishinda.

Ndoo ikaletwa alasiri. Daktari alikuwa na kawaida ya kufungua utumbo siku ile ile, aupasue kidogo ili formalini ipenye vizuri kabla ya kazi yenyewe ya kutafuta. Akavaa glovu.

"Mwenyewe ni nani?"

"Mkulima wa chai," nikasema. "Gesima. Ana mke na watoto wanne, wa mwisho yuko darasa la tano." Kisha nikaongeza, "Ni kaka yangu, Daktari."

Alinigeukia. "Basi leo wewe si fundi. Leo wewe ni ndugu. Kaa pale kwenye kiti, usiguse kitu."

Nikakaa. Akafungua kifuniko, akaingiza mkono, akautoa utumbo wa kaka yangu kwenye mwanga, na nikaona uso wake ukibadilika. Ulikuwa msafi. Sijapata kuona kipande kisafi namna ile. Kimeoshwa, kimekwanguliwa, mafuta yote yameondolewa kwa mkasi, yamebaki mabaki machache tu karibu na ukuta wa utumbo.

"Mafuta yake yako wapi?" akauliza. "Fundi, mafuta yako wapi?"

Ilibidi tupande. Alinitangulia kwa mwendo ambao sikujua anao. Pale thieta tulimkuta sista mmoja mpya, aliyehamishwa juzi tu kutoka wodi ya akina mama, mwanamke wa kwetu, mpole, mwenye mikono ya kazi. Alipoulizwa alitabasamu, akidhani anasifiwa.

"Nilisafisha, Daktari. Ilikuwa na mafuta mingi, mbaya. Nikasema siwezi letea Daktari kitu chafu hivyo."

Nilimwelewa mara moja, nikataka kulia. Kwetu, ng'ombe akichinjwa, matumbo ni kazi ya akina mama, na mwanamke hupimwa kwa namna anavyoyasafisha. Huwezi kumwandalia mkwe matumbo yenye mafuta yananing'inia. Ni aibu inayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Yule sista alikuwa amempa Daktari heshima ya mkwe. Hakuna aliyemfundisha vingine, na vitu hivi mtu hafundishwi mpaka akosee.

Nilingoja Daktari afoke kama alivyofoka kwenye simu. Hakufoka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, uliyaweka wapi?"

"Kwa mfuko nyekundu. Lakini niliyafunga peke yake ndani ya glovu, nikaandika, ndio isichafue zingine. Wameenda kuchoma."

Daktari aligeuka akaanza kushuka kuelekea nyuma ya hospitali, kwenye tanuri la kuchomea taka. Mimi nyuma yake, sista nyuma yangu, kofia yake mkononi. Sikuwa nikiwaza kitu cha maana. Nilikuwa nikisema tu, Mungu, leo, leo tu. Kilichotuokoa ni mvua ya Kisii. Ilikuwa imenyesha tangu saa nane kama kawaida yake, kuni zimelowa, na mchomaji alikuwa amejibanza chini ya bati akingoja ikatike, huku akilaani. Mifuko ilikuwa imepangwa mlangoni mwa tanuri.

"Usiwashe!" Daktari alimpigia kelele kutoka mbali. "Baba, tafadhali, usiwashe!"

Sista ndiye aliyeupata. Alijua alivyoufunga. Glovu iliyojaa mafuta ya manjano, imefungwa fundo safi, na kibandiko chenye jina la kaka yangu kwa mwandiko wa shule. Usafi ule uliotuponza ndio uliotuokoa, maana angekuwa mvivu angeyamwaga pamoja na ya watu wengine na yasingetambulika tena.

Tulipofika maabara mvua ilikuwa imepungua, na jua limeshagusa mlima. Niliona Daktari akiliangalia dirisha, halafu glovu, halafu dirisha. Akayamimina mafuta kwenye chombo, akaongeza formalini, akaandika, akafunika.

"Umechelewa Sabato," nikamwambia.

"Nimechelewa," akakubali. "Nitaongea na Mungu mwenyewe, tunajuana. Na sasa hivi sifanyi kazi. Formalini ndiyo inafanya, nayo haijabatizwa."

Jumapili alikuja peke yake. Mimi alinikataza kuingia, lakini nilisimama kwenye korido nikamsikia. Kwenye ule utumbo msafi alipata tezi nne. Kisha akafungua yale mafuta, akaanza kuminya. "Nasikia," akasema. Baadaye tena, "Nasikia." Alikaa mpaka alasiri. Alipotoka alikuwa amepita kumi na mbili kwa mbali, na mgongo ulikuwa umemkataa.

Slaidi zikaandaliwa, zikakauka, zikaingia chini ya hadubini. Zile tezi nne za kwanza zilikuwa safi. Kama sista asingefunga lile fundo, au mvua ingekatika mapema, ripoti ingesema zote zilizoonekana ni safi, na kaka yangu angerudi Gesima na furaha isiyo na msingi. Katika zile za mafuta, mbili zilikuwa na saratani.

Nilimpelekea habari mwenyewe. Alikuwa kitandani wodini, ameanza kunywa uji, shemeji anamkanda miguu. Nilieleza nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Nne ilikuwa safi. Umesema mwenyewe nne ilikuwa safi. Halafu hii mtu yenu akaenda kwa takataka, akatafuta ugonjwa mpaka akaupata."

"Alikuwa nao, kaka. Hakuuweka."

"Angeniacha na hiyo nne."

Lakini shemeji alisema mumewe atakunywa hiyo dawa hata kama ni kufungwa kamba, na kaka yangu mbele ya mkewe ni mwanakondoo. Akaingia kwenye kemo. Ilimtesa, sitaficha. Mikono na miguu ilimfa ganzi, chai ilichumwa na wengine, na mara mbili alikaa chini kwenye ua akasema harudi tena. Alirudi. Kila aliporudi alimlaani Daktari njia nzima kwa Ekegusii kizuri. Nilipomweleza Daktari, alifurahi sana. "Mwenye nguvu ya kutukana anaendelea vizuri," alisema.

Yule sista, Daktari hakumshtaki kwa mtu yeyote. Alimwita maabara, akamketisha mezani, akampa kipande cha mafuta na kumwambia, "Minya, polepole. Usitazame." Sista akaminya, uso umekunjamana, kisha akashtuka kama aliyeguswa. Baada ya hapo hakuna ndoo iliyoshuka kutoka thieta ile bila mafuta yake, na ole wake mwanafunzi aliyeshika mkasi karibu naye.

Mimi nilitaka kumshukuru Daktari kwa kumwokoa kaka yangu, na hilo alinikatalia kila mara. Alisema labda angepona bila dawa, wako wanaopona. Labda dawa isingemsaidia, wako hao pia. "Mimi sikumponya. Nilitazama tu. Asiyetazamwa vizuri hutibiwa kwa kubahatisha." Basi. Akarudi kwenye hadubini.

Akastaafu. Tukamfanyia keki, akala kipande kimoja, akasema ina mafuta ya kutosha. Miaka ikaenda. Kaka yangu akawa anapimwa, anapimwa, majibu ni safi, mpaka siku moja daktari wake akamwambia hana haja ya kurudi tena kwa ajili ya ule ugonjwa. Jioni hiyo akanipigia simu.

"Nipeleke kwa hiyo mtu."

Alitaka kumpelekea mbuzi. Nikamwambia hali nyama. "Mtu anakataa mbuzi?" Alisumbuka na jambo hilo siku nzima. Mwishowe tukaenda na mkungu wa ndizi na maziwa, na njiani, tukitembea ile barabara ya udongo ya Kiogoro, nilimweleza habari ambazo sikuwahi kumweleza: mkimbio wetu kwenye mvua, lile fundo la sista, na swali lililoulizwa kabla ya ndoo yake kufunguliwa. Aliuhamisha mkungu bega la pili, akaongeza mwendo mpaka langoni.

Daktari alikuwa barazani, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa amezeeka. Kisukari kilikuwa kimemla hisia za vidole. Mkewe alikuwa ameniambia kwamba hawezi tena hata kumtoa samaki mwiba, anamtolea yeye. Alikuwa anayatazama maharage kwa karibu sana, akiyatafuta mawe kwa macho.

"Nani huyo?" akaita aliposikia lango.

"Ni Fundi, Daktari. Nimekuja na mgeni."

"Mgeni gani?"

Nilifungua kinywa, lakini kaka yangu alishanipita, mkungu begani, amesimama mbele ya baraza.

"Mimi ndio mwenyewe," alisema.

Daktari hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alisimama, na maharage yakamwagika barazani kote, na hakuna aliyeyaangalia. Nilijua mlango wa nyuma wa nyumba ile uko wapi, na kwa kweli nilimwona akiutupia jicho. Hakwenda. Kaka yangu akautua mkungu, akanyoosha mkono. "Erokamano," akasema, neno la shukrani la kwao Daktari, alilokuwa amejifunza kwa wauza samaki wa Keroka na kulirudia kimoyomoyo tangu asubuhi.

"Buya mono," Daktari akamjibu, yaani vizuri sana, kwa Ekegusii kibaya kama kawaida.

Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda mpaka kwenye msuli wa juu, akaminya polepole, kama alivyozoea. Nikajua hasikii kitu. Kaka yangu aliacha ashikwe, naye ni mtu ambaye hapendi kushikwa.

"Umepata mafuta," Daktari akasema mwishowe, macho yamemlowa.

"Bibi anasema imezidi."

"Mwambie asiguse."

Tukacheka wote watatu, hata mkewe Daktari ndani jikoni. Kisha Daktari akavuta kiti, akamketisha kaka yangu karibu naye, goti kwa goti, na akaanza kuuliza. Chai inaendeleaje Gesima? Yule mtoto wa darasa la tano sasa yuko wapi? Ganzi ya miguu iliisha? Mvua ikaanza kupiga bati, akaongeza sauti. Safari hii hakunituma nipande wodini kuulizia. Alimuuliza mwenyewe, na mwenyewe akamjibu.